Sinema Zilizopigwa Kwetu



Mwaka 1951 Bwana John Huston alikuja hapa kwetu, mji ulipoitwa bado Stanleyville, akapiga sinema The African Queen kwenye mto Ruiki. Mto ni wetu. Lakini tazameni: mwanzoni weusi wanaimba kanisani kama watu wasiojua wanachotamka, kisha kijiji kinachomwa, na hadithi yawafuata wazungu wawili ndani ya mashua. Mwaka 1958 ikaja The Nun's Story: sista mzungu anaponya, sisi tunaponywa.

Ulaya wakatazama, wakasema, ndiyo Kongo hiyo. Na hapa inchini, tume ya Wabelgiji ilichagua filamu ambazo mweusi aliruhusiwa kuona. Mzee mwenye wajukuu aliitwa "boy". Tangu 1952, aliyeomba kuandikishwa kuwa mstaarabu alikaguliwa mpaka nyumbani, hata mwenendo wa mke wake ukapimwa. Aliyefaulu alifunga tai, akawaita ndugu zake "basenji".

Wabelgiji walishika utawala mpaka 1960. Neno hilo twalisikia bado kwenye mstari wa mshahara, na wanaolitamka ni weusi kama sisi.