Kufikisha Wifi Hadi Nyumba ya Nje: Kizuizi Kitafutwe Kabla ya Kifaa Kununuliwa



Mada ya leo inahusu tatizo linalosumbua maboma mengi tangu faiba ianze kufika mashinani. Ruta iko sebuleni katika nyumba kubwa, lakini wifi haifiki katika nyumba ya nje. Nyumba hiyo inaweza kuwa simba ya kijana, duka la langoni au chumba cha mpangaji.

Jambo hili si dogo. Aliye simbani ndiye anayetuma maombi ya chuo kupitia KUCCPS na ya mkopo kupitia HELB. Aliye dukani ndiye anayetakiwa kujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30 Juni kupita. Wifi isipowafikia, kila mmoja hununua bando lake, na boma moja hulipia intaneti mara mbili.

Chukua mfano wa boma lenye nyumba ya mawe, na simba ya mabati iliyo umbali wa mita 30. Mwenye boma huenda mjini, akanunua ripita na kuichomeka simbani kando ya kitanda. Taa zote zinawaka, lakini video inakwama. Analaumu kampuni ya intaneti, kumbe kosa haliko huko. Ripita haitengenezi intaneti, bali hurudia kile inachosikia. Ikiwekwa mahali ambapo mawimbi yameisha nguvu, itarudia udhaifu huohuo. Isitoshe, ripita nyingi za bei nafuu hupokea na kutuma kwa mawimbi yaleyale, hivyo kasi hupungua karibu nusu.

Adui mkubwa wa wifi si umbali pekee. Chuma hurudisha mawimbi yalikotoka, na simba yenye kuta na paa la mabati ni kama sufuria iliyofunikwa. Mawe na zege nayo huyapunguza nguvu.

Kwa hivyo kazi ianze na jaribio lisilo na gharama. Mwenye boma ashike simu, atembee polepole kutoka sebuleni hadi simbani. Ikiwa wifi ni nzuri uani lakini inakatika mara tu anapoingia simbani, kizuizi ni mabati. Ikiwa inakatika mara anapotoka nyumba kubwa, kizuizi ni ukuta au mahali ruta ilipowekwa.

Hatua ya kwanza ni kuhamisha ruta. Iliyofichwa nyuma ya televisheni au ndani ya kabati la vyombo isogezwe juu, karibu na dirisha linalotazama nyumba ya nje. Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya aina mbili. Yale ya gigahezi 5 ni ya kasi lakini huchoka upesi, na yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Simu iliyo simbani iunganishwe na haya ya pili.

Hilo likishindikana, hatua ya pili ni waya. Waya wa intaneti hutoka kwenye ruta ya sebuleni hadi ruta ya pili iliyo ndani ya nyumba ya nje, na mabati hayawezi kuuzuia. Urefu wake usizidi mita 100. Uwe wa kutumiwa nje, uwe wa shaba halisi wala si alumini iliyopakwa shaba, na upite ndani ya bomba la plastiki lililofukiwa kina ambacho jembe halifikii. Usipitishwe bomba moja na waya wa stima. Fundi aweke ruta ya pili isambaze wifi tu, kazi ya kugawa anwani ibaki kwa ruta ya kwanza, la sivyo zitagongana.

Pale pasipoweza kuchimbwa, kuna antena mbili zinazotazamana, moja katika kila nyumba. Sharti zionane bila kizuizi. Mgomba uliopandwa leo unaweza kuziba njia mwaka ujao. Ndani ya simba ya mabati bado itahitajika ruta ndogo iliyounganishwa kwa waya na antena ya nje.

Jambo moja lisipuuzwe, nalo ni radi. Waya wa shaba unaounganisha nyumba mbili unaweza kupitisha nguvu za radi kutoka nyumba moja hadi nyingine, ukachoma vifaa na kuhatarisha aliye karibu. Katika sehemu zenye radi nyingi, kama Kisii na Kakamega, ni salama zaidi kuunganisha nyumba kwa faiba isiyo na chuma ndani, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Aliyekwisha kuweka shaba afungiwe kinga ya radi na fundi aliyehitimu. Tena, wingu likionekana bado liko mbali, waya uchomolewe pande zote mbili. Mvua ya radi ikishaanza, usiguswe.

Mwisho, nywila ya ruta isiachwe ile iliyoandikwa kiwandani, na wateja wa duka wapewe wifi ya wageni iliyotengwa na ya familia. Anayetaka kuuza intaneti kwa majirani ajue kwamba biashara hiyo inahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Atakayefuata utaratibu huu huenda akagundua kwamba hakuhitaji kununua chochote, ila kuitoa ruta nyuma ya televisheni. Na atakayelazimika kununua, atanunua mara moja.