Kabla ya Kugusa "Ruhusu": Maelezo kwa Wakazi wa Temeke



Nimeombwa nieleze jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kulijua jina. Kijana wa Chamazi hutumiwa kiungo kwa ujumbe mfupi, hukigusa, na papo hapo uso wa mtu aliye mbali hujitokeza kwenye kioo cha simu. Hakupakua programu yoyote. Kazi hiyo imefanywa na kivinjari chenyewe, kwa teknolojia iitwayo WebRTC, ambayo Google iliiweka wazi kwa watengenezaji mwaka 2011, na W3C ikaipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2021.

Kivinjari hakipaswi kuwasha kamera wala kipaza sauti kwa ajili ya tovuti kabla ya kukuuliza. Swali lenyewe ni fupi: Ruhusu, au Zuia. Wengi hulijibu kama mtu anayefukuza nzi, ilhali ndiyo nafasi pekee uliyopewa ya kukataa.

Tuseme kiungo kile kilidai kuwa ni usaili wa kazi. Kijana anaruhusu kamera, kisha anaambiwa aonyeshe kitambulisho cha Taifa. Sauti na picha husafiri zikiwa zimefumbwa. Hilo ni sharti la teknolojia yenyewe, si hisani ya mwenye tovuti. Lakini mazungumzo kufumbwa hakuthibitishi ni nani aliye upande wa pili. Tapeli naye hufumbiwa. Hata anwani inayoanza na https haitoshi, kwa kuwa yeye pia aweza kuipata. Mwajiri wa kweli atafutwe kwanza kwa namba yake inayojulikana, si ile iliyoleta kiungo. Ujumbe ukionekana wa kitapeli, utumwe kwenda 15040.

Aidha, katika baadhi ya vivinjari ruhusa haifi mazungumzo yanapokwisha. Gusa alama iliyo mwanzoni mwa anwani ya tovuti, fungua sehemu ya ruhusa, uiondoe. Panapokuwa na "ruhusu mara hii tu", chagua hiyo. Simu za miaka ya karibuni huonyesha kitone cha kijani juu ya kioo kamera inapowaka. Kikionekana nawe huzungumzi na mtu, funga ukurasa huo.

Liko na suala la kifurushi, ambalo najua ndilo lililowaleta baadhi yenu. Picha ya megabiti moja kwa sekunde hula megabaiti 450 kwa saa, na kwa kuwa unatuma na kupokea, hesabu huwa 900. Sauti peke yake, kwa kilobiti 32, haifiki megabaiti 30 kwa pande zote mbili. Mama anayezungumza na mwanawe aliye Muscat aweza kumwona kwa dakika mbili, kisha akazima kamera na kuendelea na soga.

Atakayependa tutazame pamoja ruhusa zilizomo katika simu yake, asogee hapa mbele.