Kisukari na Fangasi za Miguu



Kwa mwenye kisukari, fangasi za miguu si muwasho tu. Sukari ikizidi mwilini kwa muda mrefu, kinga hupungua na ganzi huingia miguuni. Ngozi baina ya vidole hulowa, hugeuka nyeupe na kupasuka, naye hasikii maumivu. Ufa huo ni mlango wa vijidudu. Kidonda hufuata, na wengine huishia kukatwa mguu.

Mwezi huu twatia udhu sana, na tarawehe pia ipo. Kuosha miguu hakudhuru; kinachodhuru ni kuvaa soksi na viatu miguu ikiwa majimaji. Wakausheni wazee baina ya vidole kwa kitambaa kikavu. Na kila mtu awe na kandambili zake za kutilia udhu.

Ukucha ukiwa mnene, wa manjano, wavunjika-vunjika, usiukwangue kwa wembe. Nenda kwa daktari. Dawa ya kumeza huenda ikachukua miezi 3, na ukucha wa mguu huota upya kwa mwaka au zaidi. Subira basi.

Kijana, leo baada ya kufuturu, mwangalie babako na nyanyako miguu.

Wabillahi tawfiq.