Kompyuta Ikikataa Kusoma Diski
Maelezo ya afisa wa TEHAMA kwenye baraza la wadi

Wengi wenu mmetuletea diski za arusi, za mazishi ya wazee na za kumbukumbu za vikundi, mkisema zimekufa. Msizitupe upesi.

Kwanza, jaribuni diski nyingine kwenye kompyuta hiyo hiyo. Ikisomeka, huenda kasoro iko kwenye ile ya kwanza. Ipanguseni kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni. Msizungushe mkono, mkwaruzo unaofuata mviringo huharibu zaidi.

Zikikataa zote, zimeni kompyuta na kuiwasha tena. Hakikisheni pia kisomaji si cha CD pekee, maana hicho hakisomi DVD. Bado? Huenda lenzi ina vumbi au leza imechoka. Jaribuni diski kwenye mashine nyingine, au chomekeni kisomaji cha nje cha USB.

Ikisomeka hata mara moja, nakilini yote siku hiyo hiyo, mahali pawili tofauti. Diski zilizorekodiwa kwa kompyuta huchakaa kwa jua na joto, hata zisipoguswa. Na sauti ya marehemu hairekodiwi mara ya pili.