Kamera ya waya au isiyo na waya?



Kuna swali ambalo siku hizi nikikaa na watu kule Kibaha, iwe Maili Moja au Kwa Mathias, halikosi kuulizwa. Mtu amechoka na kodi za nyumba za Dar es Salaam, amenunua kiwanja chake, amepandisha kuta mpaka renta, ameezeka, halafu anashusha pumzi na kuuliza: sasa niweke kamera za ulinzi za aina gani, zile za waya au hizi zisizo na waya? Muuza duka wa Kariakoo atamjibu kwa kadiri ya mzigo alionao stoo. Fundi naye atamjibu kwa kadiri ya kazi anayoijua. Mimi sina duka wala si fundi. Nina nyumba mbili tu za kuzungumzia, moja yangu Kibaha na nyingine ya dada yangu Kisarawe, pamoja na gharama niliyoilipa kwa kutokujua. Na sehemu ya gharama hiyo haikuwa fedha.

Nianze na Kibaha. Nyumba yangu bado haijaisha. Ni pagale lenye bati na grili za madirisha, na chumba kimoja alimokuwa akilala mlinzi. Nguzo ya umeme bado haijafika kiwanjani. Ndani nilikuwa nimehifadhi saruji, marumaru na roli za waya wa umeme, na kila aliyewahi kujenga anajua kwamba waya wa shaba haukosi mteja. Nikashauriwa kununua kamera ya sola yenye laini ya simu ndani yake. Ni kifaa cha kupendeza: kipaneli cha jua juu, betri ndani, antena mbili kama masikio ya sungura, na kadi ya kumbukumbu imechomekwa ubavuni. Hakuna kutoboa ukuta wala kuvuta waya. Tulikifunga kwa skrubu nne adhuhuri moja, na jioni nikiwa mjini nikamwona mlinzi wangu kwenye simu akikoka moto wa kupikia ugali wake. Nilijiona mjanja.

Masika yakaingia. Mawingu yalitanda siku nne mfululizo na betri ikashuka. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kamera nyingi za betri hazirekodi muda wote. Hulala, kisha huamka pale zinapohisi joto la kiumbe kinachopita. Kiumbe hicho huweza kuwa mtu, na huweza kuwa mbuzi. Kila inapoamka hula betri, na inapotuma picha hula bando. Naam, mbuzi wa jirani walinimalizia bando, na sikuwa na wa kumshitaki.

Usiku mmoja, nikiwa nimelala na simu yangu haina hata senti ya bando, mwizi aliingia. Akachukua roli za waya, na kabla ya kuondoka akaparamia ukuta akaing'oa kamera yenyewe. Nawaomba mlitafakari jambo hilo. Kadi yenye picha ilikuwa ndani ya kamera. Yaani mwizi aliondoka na mali, akaondoka na shahidi.

Alfajiri mlinzi akanipigia. "Baba, kamera haipo." Alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa huko Maneromango, mpole, amenizidi umri, lakini kwa heshima aliniita baba. Nilipofika nilikuwa tayari nimekwishamhukumu moyoni. Nani mwingine aliyejua kamera ilipo? Nani mwenye ngazi? Nikamlipa siku zake zilizobaki nikamwambia aende. Hakubishana. Alifunga shuka na sufuria yake, akasema, "Haya baba, Mungu yupo," akaondoka.

Saa saba mchana nikaweka vocha ili nimpigie fundi. Simu ikalia mara mbili. Zilikuwa picha mbili zilizotumwa na ile kamera saa tisa usiku kabla haijang'olewa. Zilikuwa zimekaa kwenye kompyuta za kampuni huko ng'ambo zikisubiri simu yangu ipate bando. Katika ile ya pili uso ulionekana wazi. Alikuwa kijana, kibarua aliyenisombea mchanga mwezi uliotangulia. Mlinzi ana kosa la kusinzia, hilo sikatai. Wizi hakuujua.

Ilinichukua siku tatu kumpata yule mzee. Nilimwomba radhi mbele ya mjumbe, na akanisamehe. Kazini hakurudi.

Sasa ndugu msikilizaji anaweza kudhani ninataka kusema kamera zisizo na waya hazifai. La hasha. Ile kamera ilifanya kazi ambayo ya waya isingeweza kuifanya pale, kwa kuwa hapakuwa na umeme, na ilitoa picha nje ya nyumba kabla mwizi hajaifikia. Aliyeshindwa kazi ni mwenye kamera. Niliifunga mahali ambapo mtu wa kimo cha kawaida anaifikia kwa kukanyaga dirisha. Sikuweka kamera ya pili inayoiangalia ya kwanza. Halafu bando la simu yangu nikaliacha liishe, mtu mzima mimi, nikaenda kulala.

Twende Kisarawe. Dada yangu ni mwalimu mstaafu, mjane, anaishi peke yake upande wa kuelekea Minaki. Nyumba imekamilika na umeme upo. Wanawe walioko Dar es Salaam walichanga wakamwekea kamera nne za waya. Na hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalielezi vizuri. Waya huo ni wa aina mbili. Upo unaofanana na ule wa antena ya televisheni, ambao hubeba picha tu, na kamera hutaka waya wake mwingine wa umeme. Ipo pia kebo ya mtandao, ile ya kompyuta, ambayo hubeba picha na umeme kwa pamoja, ili mradi isizidi meta 100 kutoka kwenye kisanduku cha kuigawia. Hii ya pili kwa nyumba mpya ndiyo ningeichagua mimi, kwa sababu fundi anapitisha kebo moja kwa kila kamera na kazi imekwisha.

Kebo zote huishia kwenye mashine ya kurekodia. Ya dada yangu imewekwa kabatini chumbani, imefungiwa, pamoja na betri ya akiba. Mwizi akiing'oa kamera ya getini, picha yake imebaki kabatini. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na ile yangu ya Kibaha, na ndiyo sababu watu wa mabenki na maghala hawajaiacha waya. Na hesabu ya diski si ngumu. Kamera moja ikituma megabiti 2 kwa sekunde, kwa siku inajaza gigabaiti 21 na kidogo. Nne zinakaribia 86. Diski ya terabaiti 1 itakupa siku kumi na moja hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Ukisafiri mwezi mzima, basi ujue wizi wa wiki ya kwanza utaukuta umefutwa.

Lakini waya nao una adui zake. Panya wa darini walikata kebo ya kamera ya jikoni katika mwezi wa tatu. Kisha ikaja vuli na radi zake. Kebo ya getini ilikuwa imepitishwa nje, juu ya ukuta, ndefu, bila kinga yoyote, na nyumba haikuwa na ethi ya kuaminika. Radi haikuipiga nyumba. Ilipiga karibu tu, kwenye mwembe. Shaba ikaupokea ule msukosuko ikaupeleka kabatini, na kamera ya getini pamoja na mashine ya kurekodia vikaungua kwa pamoja. Fundi aliyekuja baadaye alianza kwa kufunga ethi, kisha akaipitisha kebo kwenye bomba chini ya ardhi na kuiwekea kifaa cha kuzuia umeme wa radi. Gharama hiyo ingekuwa ndogo kama ingefanyika mwanzo.

Ipo na aina ya tatu, ambayo ndiyo inayowachanganya wengi: kamera ya ndani inayotumia Wai-Fai ya nyumbani. Huitwa haina waya, lakini mara nyingi ukiigeuza nyuma utaukuta waya wa umeme unaning'inia. Kinachokosekana ni waya wa picha tu. Mawimbi yake hupungua nguvu kila yanapopita ukuta wa tofali, na bati huyarudisha kabisa. Umeme ukikatika, ruta nayo inazimika. Wengi wetu tunakumbuka mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024. Na ipo nyingine: Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika, na nchi nzima ikabaki na intaneti ya kusuasua. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini na hali hiyo iliendelea kwa siku kadhaa. Mwenye kamera inayohifadhi picha zake kwenye kompyuta za ng'ambo peke yake, siku hizo alikuwa na pambo la ukutani. Mashine ya dada yangu iliendelea kurekodi kabatini, ingawa wanawe wasingeweza kumwona kutoka mjini.

Na hilo la kumwona ndilo linalonileta kwenye neno alilonitamkia siku nilipomtembelea. Kamera moja ilikuwa imefungwa sebuleni, inatazama kochi analokalia. Ametoka kusali, mtandio begani, akanyoosha kidole: "Mdogo wangu, hebu niambie. Mimi nalindwa au nachungwa?" Kumbe mwanawe mmoja humpigia simu kumuuliza mbona leo amechelewa kula, na yule mgeni wa jana ni nani. Niliwapigia wanangu wale. Kamera ya sebuleni ikahamishiwa kwenye mlango wa uani, unaotazama migomba, ambako ndiko mwizi angepitia. Dada yangu sasa hukaa kochini na kanga yake apendavyo.

Msidhani hilo ni la adabu tu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume yake. Picha ya uso wa mtu inayomtambulisha ni taarifa yake. Kamera yako itazame geti lako, isitazame bafu la jirani la uani. Kwa upande mwingine, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 imeruhusu ushahidi wa kielektroniki upokelewe mahakamani, lakini mahakama hupima jinsi ulivyotunzwa. Ukipata picha ya mwizi, usiikatekate na kuisambaza mtaani. Itunze ilivyo, na mashine yenyewe usiiguse kabla hujaenda polisi.

Jambo moja zaidi, ambalo halichagui waya wala kukosa waya. Mwaka 2016 virusi vya kompyuta vilivyoitwa Mirai viliingia katika kamera na ruta nyingi mno duniani, kwa sababu wenyewe walikuwa wameacha nenosiri lile lile la kiwandani. Oktoba 21 ya mwaka huo vilitumika kuangusha tovuti kubwa za Marekani. Kamera ya waya iliyounganishwa na intaneti nayo huingilika vile vile. Fundi akimaliza kazi, kabla hajapewa chai, badilisha nenosiri mbele yake, kisha umwombe ageuke unapoliandika.

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya vijana, mtu aliyepata hataza ya mfumo wa kamera wa nyumbani huko Marekani alikuwa muuguzi, mama wa New York, Marie Van Brittan Brown, pamoja na mumewe aliyekuwa fundi wa elektroniki. Waliomba mwaka 1966, wakapewa 1969. Saa zake za kazi hazikuwa za kawaida, na polisi mtaani kwake walichelewa kufika walipoitwa. Nadhani wako wasikilizaji wa Kongowe na Mlandizi wanaomwelewa.

Basi nirudi kwa yule aliyeuliza. Kama nyumba yako bado haijapigwa plasta, usiangalie bei ya kamera kwanza. Nunua mabomba ya plastiki, yapitishe ukutani toka kila pembe ya nyumba hadi chumba kimoja kinachofungwa, na uache uzi ndani ya kila bomba wa kuvutia kebo baadaye. Baada ya plasta na rangi, kazi hiyo hiyo ni vumbi, nyundo na ugomvi na mama watoto. Kama ni nyumba ya kupanga, au pagale lisilo na umeme, chukua ya laini na sola, uifunge juu karibu na paa, umeme ukifika uihamishie kwingine. Usiipandishe mno, maana utapata picha nzuri za kofia. Na aina yoyote utakayochagua, panda ngazi mara moja kwa mwezi ufute lenzi. Taa zake za usiku huvuta wadudu, wadudu huvuta buibui, na utando wa buibui usiku huonekana mweupe kama shuka, huoni kitu.

Mimi mabomba yangu ya Kibaha yamekwishalazwa, manne, yanaishia stoo. Fundi wa plasta anaanza Jumatatu. Ile kamera ya sola niliinunua nyingine, nimeifunga juu ya geti, na bando nalilipia kwa mwezi. Mlinzi mpya sijampata bado. Nimetuma salamu Maneromango kwa mara ya pili.