Talanta Zile Zilizalishwa Wapi?

Dominika ya 33 ya Mwaka A. Injili: Mt 25:14-30



Injili ya leo tumeizoea. Bwana mmoja aliyekuwa anasafiri aliwakabidhi watumishi wake mali yake. Wa kwanza alipewa talanta tano, wa pili mbili, wa tatu moja. Wawili walifanya biashara, fedha ikaongezeka maradufu. Wa tatu alichimba shimo akaifukia. Mara nyingi tumehubiri juu ya huyo wa tatu, woga wake na uvivu wake. Leo tuwatazame wale wawili waliosifiwa. Talanta haikuwa sarafu ya kununulia chumvi. Moja peke yake ilikuwa ni ujira wa kibarua wa miaka mingi. Fedha nyingi namna hiyo haiongezeki ikiwa imelala sandukuni. Ilipita katika mikono ya watu wengine, wakulima na wavuvi, wafumaji na wachuuzi, na kila mkono ulipata kitu au ulipoteza kitu. Mwinjili hakutuambia biashara ile ilikuwa ya namna gani. Lakini bwana aliporudi, alidai hesabu.

Swali hilo la hesabu limefika hapa Kasoli pia. Msimu uliopita, baada ya pamba kuuzwa, kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na akiba iliyokusanywa mwaka mzima. Akaja mtu mmoja akawaambia wamkabidhi fedha hiyo, naye baada ya miezi mitatu angewarudishia na nusu yake juu. Walipomwuliza angeifanyia biashara gani, aliwajibu kwamba hilo halikuwa la kuwasumbua. Ndipo mama mmoja, mkulima wa ekari mbili, aliposimama akasema kwamba yeye biashara ile aliijua vizuri. Mwezi wa Februari, ghala likiwa tupu, mumewe alikopa kwa mtu huyo huyo ili watoto wale, na deni lile walililipa kwa pamba ambayo vitumba vyake vilikuwa havijapasuka. Maana yake ni kwamba faida ya kikundi ingetoka shambani kwa mwanakikundi. Watu wenyewe wameipa mikopo ya aina hii jina linaloitosha: kausha damu. Kikundi kiligawanyika siku ile. Wengi walikataa, wachache walichukua fungu lao wakampelekea.

Hatusemi kwamba kupata faida ni dhambi. Bwana wa Injili ya leo anamwambia yule mtumishi mlegevu kwamba angalau angeiweka fedha kwa watoa riba. Lakini Maandiko hayo hayo, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, yanakataza kuchukua rehani jiwe la kusagia la mtu, kwa sababu kulichukua ni kuuchukua uhai wake. Sisi hapa tunajua jiwe la kusagia la Msukuma ni lipi. Ni maksai wake na plau yake. Anayekopesha kwa rehani ya maksai wakati wa mvua za kwanza amekwisha kuamua kwamba jirani yake hatalima mwaka huo.

Wazee wetu hawakusubiri vitabu vya uchumi kulielewa jambo hili. Mwenye ng'ombe wengi aliwaweka baadhi yao kwa jirani asiye na kitu. Jirani aliwachunga, akanywa maziwa, akapata samadi, akalima kwa maksai. Mwenye mali alipata ndama, na mifugo yake ilinusurika ugonjwa ulipoingia katika boma lake. Mali iliongezeka, na mtoto wa jirani alipata maziwa. Hiyo haikuwa sadaka. Ulikuwa uwekezaji, nao ulikuwa wa kawaida kiasi kwamba hakuna aliyeupa jina la fahari.

Baadaye ilikuja pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakulima waliochoshwa na mizani ya wafanyabiashara waliweka senti zao pamoja, wakapata viwanda vyao vya kuchambulia pamba. Ushirika ule ulikuwa na dosari zake, na mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchini. Historia hiyo ni ndefu, tuiache. Tunachokishika ni kwamba mkulima asiyejua kusoma aliweza kuonyesha kwa kidole mahali senti yake ilipokwenda.

Na katika mkoa wetu huu wa Simiyu, wilayani Meatu, mwaka 1994 ulianza mradi wa bioRe pamoja na kampuni ya Remei ya Uswisi. Wakulima hulima pamba bila mbolea na dawa za viwandani, nao wanapewa ahadi ya kununuliwa pamba yao kwa nyongeza ya bei. Mnunuzi wa shati huko Ulaya anataka kujua nani alilima na alilipwaje. Tusiwadhanie wazungu hao kuwa malaika. Wanafanya biashara, wanapata faida. Lakini wamekubali kuulizwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha neno letu. Kwa muda mrefu uwekezaji wenye kujali haki ulionekana kuwa kazi ya watawa na watu wachache wenye huruma, huku fedha kubwa ikienda njia yake bila kuulizwa. Hali hiyo imeanza kubadilika hata nchini kwetu. Mwaka 2022 Benki ya NMB ilitoa hatifungani iliyoitwa Jasiri, yaani iliwakopa wananchi ili iwakopeshe wanawake wajasiriamali. Ilitafuta shilingi bilioni 25. Watu walileta zaidi ya bilioni 74. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, kwa ajili ya kupanua huduma ya maji. Waliotoa fedha hizo hawakutoa zaka. Wanalipwa riba. Ila riba hiyo inatoka katika bomba la maji, haitoki katika ghala tupu la mjane.

Hata hivyo tuwe macho. Neno kijani, au neno jamii, likiandikwa juu ya karatasi halimtakasi mtu. Ng'ombe hanunuliwi kwa kusifiwa na muuzaji. Hufunguliwa mdomo, yakatazamwa meno. Anayesema fedha yetu itasaidia akina mama, atuonyeshe baada ya mwaka ni akina mama wangapi, wapi, na walilipa riba gani. Na maaskofu wetu walipoianzisha Benki ya Biashara ya Mkombozi mwaka 2009, hawakuianzisha ili isiulizwe. Nayo iulizwe maswali hayo hayo, kwa upendo.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Centesimus Annus wa mwaka 1991, alifundisha kwamba kuamua mtaji uwekwe hapa na si pale ni uamuzi wa kimaadili, wala si wa hesabu peke yake. Mwaka 2022 Taasisi ya Kipapa ya Sayansi Jamii ilitoa mwongozo uitwao Mensuram Bonam kwa waamini wenye mitaji. Mtu wa Kasoli anaweza kucheka: mtaji gani? Lakini akiba ya jumuiya ndogondogo ni mtaji. Fedha ya WAWATA ni mtaji. Mchango wa bati la kigango, unaolala benki miaka mitatu tukingoja utimie, ni mtaji, nao haulali; benki inaukopesha kwa mtu fulani usiku huu.

Ninyi makatekista ndio mnaoaminiwa vijijini kuliko sisi. Akija mtu na ahadi ya faida kubwa, mwulizeni mbele ya watu nyongeza hiyo itatoka mkononi mwa nani. Mwulizeni pia leseni yake, kwani Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe nayo. Asiyejibu swali la kwanza, hata akionyesha leseni, msimpe.

Zimebaki wiki mbili Majilio yaanze. Kabla ya Dominika hiyo kamati za fedha za vigango vyote zitakutana parokiani. Tunaomba kila kamati ije na daftari la benki au la SACCOS, pamoja na jibu la maandishi kutoka kwa meneja au katibu kuhusu fedha ya kigango inakopeshwa kwa nani na kwa riba gani. Majibu hayo yatasomwa kanisani baada ya matangazo ya ndoa, na kigango kitakachonyimwa jibu kitasomwa pia.