Tumejenga Madarasa, Sasa Tumjenge Mwalimu

Hotuba ya kamati ya elimu kwa wana Makueni

 

Kila tunapofanya harambee, tunachangia kitu kinachoonekana: mabati, saruji, tangi la maji, madawati. Mwaka huu tunawaomba mchangie kitu kisichopakwa rangi wala kukatiwa utepe: mafunzo ya walimu wetu wa hisabati na sayansi.

Jambo hili si geni kwetu. Mwaka 1998 Wizara ya Elimu, ikishirikiana na shirika la JICA la Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Wilaya za majaribio zilikuwa tisa, na Makueni ilikuwa mojawapo. Watafiti walianza kwa kuuliza kwa nini wanafunzi wanafanya vibaya. Majibu hayakuishia kwenye uhaba wa vifaa. Yalihusu pia mtazamo wa wanafunzi na walimu kuhusu masomo hayo, mbinu za kufundisha, ugumu wa baadhi ya mada kwa walimu wenyewe, na walimu kukosa nafasi ya kukutana na kusaidiana.

Ndipo walimu wakafunzwa kupanga somo, kulifundisha, kulitathmini na kuliboresha. Mwanafunzi atende badala ya kunakili tu, na majaribio yafanywe kwa vitu vilivyopo. Kuanzia 2003 mradi ulienea nchi nzima, na kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi, kinaendeleza kazi hiyo. Tukumbuke pia kwamba mafunzo ya wilayani yaligharimiwa kwa fedha zilizotoka kwenye karo. Wazazi wa hapa wamewahi kumsomesha mwalimu.

Chukueni mfano wa mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu. Mtoto wetu amechota maji mchangani tangu utotoni. Mwalimu anaweza kumwandikia maelezo ubaoni. Anaweza pia kuwapa wanafunzi kopo lililojaa mchanga mkavu wa mto, chupa yenye alama za vipimo, na swali moja: maji kiasi gani yataingia kabla ya kufurika? Wakadirie, wamimine polepole, wapime, wakokotoe asilimia. Mara nyingi wataona maji yameingia karibu theluthi moja ya ujazo wa kopo, ilhali walidhani kopo limejaa. Wakirudia kwa udongo wa mfinyanzi, wataona jinsi maji yanavyopenya kwa shida, na wataelewa kwa nini bwawa linahitaji mchanga wa chembe kubwa. Hapo hisabati, fizikia na jiografia zimekutana kwenye kopo moja.

Lakini somo kama hilo halizuki tu. Lazima mwalimu alijaribu kwanza na ajue wanafunzi watakwama wapi. Huko Japani, kwa zaidi ya karne moja, walimu wamekuwa wakipanga somo moja kwa pamoja. Mmoja hufundisha, wenzake huwatazama wanafunzi wanavyofikiri, kisha hukaa na kulirekebisha. Hawaji kumkagua mwenzao, wanalichunguza somo. Sisi tunaijua kazi ya namna hiyo, nasi tunaiita mwethya. Ndiyo iliyochimba matuta ya mashamba yetu na kujenga mabwawa hayo hayo.

Michango yenu itafanya mambo matatu: nauli na chakula cha walimu wa shule jirani wanapokutana kila muhula; vifaa vidogo kama mizani, vipimajoto na mirija ya kupimia; na kuchapisha masomo yaliyoboreshwa ili kila shule iyapate. Katika mkutano ujao tutawasomea hesabu ya kila shilingi, pamoja na orodha ya masomo yaliyofundishwa. Na wewe uliye mhandisi, muuguzi, fundi au mhasibu, ukija likizo tupe asubuhi moja ukae na walimu, uwaonyeshe hisabati inavyotumika kazini mwako.

Mwalimu mmoja hufundisha mamia ya watoto kabla ya kustaafu. Tukimsaidia yeye, tumewafikia wote hao, hata wale ambao hawajazaliwa.